Anayehema Ndani ya Beringi

Wenzake walikuwa wameshanawa mikono na kwenda zao. Fundi Sikio alibaki peke yake karakanani, jua likizama nyuma ya ukuta, kwa kuwa mashine kubwa ya kukatia nyasi ilitakiwa uwanjani asubuhi na mapema. Kazi yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu jasho: kumwaga oili chafu, kupuliza chujio la hewa, kupiga grisi beringi za visu vyote viwili. Lakini moyo wake haukutulia.

Dereva wa mashine hiyo alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Kizunguzungu kilimlaza kitandani, madaktari wakapima weee wasione kitu. Jumapili hupata nafuu, hata chai akanywa. Jumatatu, dereva mwenziwe akishawasha mashine na kuingia uwanjani, hali huwa mbaya tena. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Nani angeyaunganisha?

Sikio alichomoa waya wa plagi ili injini isije ikawaka na visu vikamkata vidole, akainua mashine kwa jeki, akajilaza ubavuni. Kisha akafanya lile lililompa jina. Ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini sikioni, mkono mwingine ukizungusha kisu polepole. Beringi nzima hunong'ona. Iliyokufa hukwaruza.

Hii haikukwaruza.

Ilihema.

Akaacha. Kimya. Akazungusha tena, taratibu...

"Basi... basi jamani..."

Ilikuwa sauti ya shemeji yake. Na kwenye grisi ikapanda harufu ya jasho la mgonjwa na dawa ya kuchua.

Alipiga simu kwa vidole vilivyojaa mafuta, akaiweka sakafuni karibu na kichwa chake.

"Kaka, alikuwa ameanza tena," mdogo wake alinong'ona kabla hata ya salamu. "Anasema nyumba inazunguka. Sasa ametulia."

Sikio akasukuma kisu. Upana wa kidole tu.

Kwenye simu, mtu akalia.

"Kaka... unafanya nini huko?"

"Mshike mabega," alisema. "Usimwachie."

Alikwamisha kisu kwa kipande cha mbao, akatia spana. Nati iligoma. Akajikaza, mishipa ya shingo ikamsimama, na mbao ikateleza. Kisu kikazunguka mzunguko mzima, na kilio alichokisikia kilitoka pande mbili kwa pamoja, kwenye simu na ndani ya chuma.

Akarudisha mbao, akaigongomea kwa nyundo mpaka ikakaza, akajaribu upya. Nati ikalegea. Akavuta shafti, na beringi zikatoka.

Katikati ya beringi hizo palikuwa na fundo la kitambaa cha buluu, limezungushiwa nywele za mtu. Beringi zile alizifunga yeye mwenyewe, mpya, kutoka kwenye karatasi zake.

Akalichomoa.

Kwenye simu kilio kilikoma. Kisha shemeji yake akasema kwa sauti kavu, "Imesimama."

"Nini?"

"Nyumba."

Sikio alimweleza alichokishika mkononi. Shemeji yake akavuta pumzi ndefu.

"Buluu? Hilo shati langu. Kuna mtu alipita hapo karakanani akaomba kitambaa cha kufutia mikono. Nikampa shati kuukuu."

"Mtu gani?"

"Sura yake hainijii, shem. Nakumbuka mikono tu. Ilikuwa misafi. Sikuona alikuwa anafuta nini."

Simu ikakatika. Nje giza lilikuwa limeshaingia. Sikio angeweza kufunga mlango akaenda nyumbani, na mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea huko. Lakini kilibaki kisu cha pili, na mazoea yana taabu. Akaweka bisibisi, akazungusha kidogo.

Mwanamke akakohoa.

Hakuwa mtu anayemjua. Alisikiliza tena akitumaini kwamba masikio yanamchezea... Akakohoa tena, karibu zaidi, kama mtu anayetaka kusema neno. Safari hii hapakuwa na wa kumpigia simu amshike mabega.

Akachukua mbao. Akafungua nati. Alipochomoa kitambaa, cha maua mekundu, kikohozi kilikatika katikati.

Yale mafundo aliyafungua na kuyafukia mbali na hapo. Shemeji yake alirudi kazini, akiomba apewe mashine nyingine. Mtu mwenye mikono misafi hakuonekana tena, au kama alionekana, hakuna aliyemtambua.

Sikio hakuwahi kujua kama alimwinua yule mwanamke kitandani au alimmaliza. Hadi leo akipita nyumba yenye kilio husimama, akauliza kwa upole aliyefariki ni nani, na alikuwa akiumwa nini.