Nani Anamnyonyesha Mikaeel

Wiki ile ile waliyorudi kutoka kisiwani, Kulthumu alianza kuhisi kwamba mwanawe ananyonya kwingine.

Mama anayenyonyesha hahitaji kuambiwa jambo kama hilo. Mikaeel alikuwa hajatimiza mwaka, mlafi wa kutupwa, na kabla ya safari akiliona tu ziwa la mama yake alirusha miguu kwa furaha. Sasa akipakatwa aligeuza uso. Akibembelezwa sana alilishika kidogo, kwa adabu, kama mgeni anayeonja chakula cha mwenyeji ilhali ameshashiba kwa jirani, kisha akaliachia. Na hakukonda. Hapo ndipo palipokuwa na neno. Mashavu yalizidi kujaa, mapaja yakafanya mikunjo, hata nesi wa kliniki alipompima akacheka, "Eish, mama, huyu anakula!"

Kulthumu alirudi nyumbani matiti yamejaa mpaka yanauma. Akayakamua juu ya sinki la jikoni huku machozi yakimtoka.

Yeye alikuwa mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, aliyeletwa Durban na wazazi wake akiwa msichana. Mumewe Yakoob, fundi wa viyoyozi, alizaliwa hapo hapo Durban, katika ukoo ambao mababu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki. Waliishi kwenye fleti ghorofa ya pili, mtaa wa Overport. Safari ilikuwa ndoto ya Yakoob: tangu utotoni alitamani kufika Mafia akawaone papa potwe, wale wakubwa wapole. Watu waliwaambia, mtoto mchanga na mwingine wa miaka minne, kisiwani, kwenye joto lile, mna wazimu? Wakaenda. Yumna, binti yao mkubwa, alitapika kwenye ndege ndogo. Kigari cha mtoto kilizama mchangani kikaachwa hapo. Pampasi ziliisha, maduka nayo yalikuwa mbali. Kisha Kulthumu mwenyewe akashikwa na tumbo na homa ya siku kadhaa, mchana kutwa akilala hajijui. Alipozinduka alimkuta Mikaeel amelala fofofo, ameshiba. "Nimempa uji," Yakoob alimwambia, na yeye akashukuru.

Sasa waliporudi, wa kwanza kumshuku alikuwa Lyse.

Lyse Akimana alikuwa dada wa Kirundi aliyewaangalia watoto mchana, Kulthumu akiwa kwenye duka la vitambaa. Alikuwa na kichanga chake mwenyewe, aliyeachwa Isipingo kwa dada yake. Kwa hiyo alikuwa na maziwa. Siku nyingine blauzi yake ilikuwa na madoa mawili ya majimaji kifuani, akajifunika kwa kitenge haraka. Kulthumu aliyaona yote hayo, akanyamaza, akaanza kupeleleza. Alikuwa akirudi kutoka kazini ananusa mdomo wa mtoto kabla hajavua viatu. Ulinuka maziwa, lakini si yake. Ni harufu nyingine, nzito, yenye chumvi, kama mwani uliotandazwa juani.

Kwa Kulthumu, hilo halikuwa wivu tu. Katika dini yake, mwanamke akimnyonyesha mtoto vya kutosha amekuwa mama yake. Si jambo la kufanywa kimya kimya.

Jioni moja, akimwogesha Yumna, alimuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mchana, nani anampa Mikaeel maziwa?"

"Mama yake," Yumna akajibu.

"Mama yake si mimi?"

Mtoto akamtazama, povu limemjaa nyweleni. "Wewe ni mama yangu mimi."

Kesho yake Kulthumu aliomba ruhusa kazini, akarudi saa ambayo watoto hulala. Alipanda ngazi viatu mkononi. Mlangoni akasimama, akatega sikio. Ndani alisikia mtoto akinyonya, akimeza, akihema puani, akimeza tena, na sauti ya mwanamke ikimwimbia chini chini kwa maneno ambayo hakuyapata vizuri. Akaingiza ufunguo, akafungua. Sauti ikakatika. Lyse alikuwa amesimama kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba cha kulala, mkono kifuani, blauzi imelowa.

"Ndiyo tabia yako?" Kulthumu alisema. "Nakuachia mtoto wangu, unamgeuza wako?"

"Mama Yumna, mi siko namunyonyesha." Lyse alikuwa karibu kulia. "Hii maziwa ni ya mtoto wangu. Nasikia mtoto ananyonya, yangu inatoka yenyewe. Mungu anaona."

"Unamsikia ananyonya nini, kama si wewe?"

Lyse aliutazama mlango wa chumba, akashusha sauti. "Ile chumba, mchana, mi siko naingia tena. Iko mtu mule. Nilizani ni simu yako umeacha, inaimba. Nikafungua. Simu haikuwa."

"Toka," Kulthumu akamwambia. "Toka nyumbani kwangu, wewe na uongo wako."

Lyse alichukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka mara moja, akashuka ngazi.

Usiku ule Kulthumu alilala vizuri, akijiona ameshinda. Asubuhi alipiga simu dukani akasema anaumwa, akabaki na watoto mwenyewe. Aliwapikia, akacheza nao, na jua lilipokuwa kali akamlaza Mikaeel katikati ya kitanda kikubwa, mito pande zote. Akakaa sebuleni na Yumna aliyekuwa akichora. Madirisha yalikuwa wazi. Chini barabarani taxi zilipiga honi zikiita abiria, mtu akicheka kwa Kizulu, mchana mweupe kabisa.

Yumna akanyanyua kichwa. "Amekuja," alisema, akaendelea kuchora.

Kulthumu akasikia harufu kwanza, ile ya mwani, ikipita karibu na bega lake kama mtu aliyepita na nywele mbichi. Kisha ule wimbo. Akainuka. Alikwenda, mkono ukishika ukuta, na alipofika mlangoni akamwona mwanawe amelala ubavu, macho amefumba kwa raha, mdomo wazi umebana kitu ambacho hakikuwepo, mashavu yakivuta na kuachia, yakivuta na kuachia, na kiganja chake kidogo kikikanda hewa kama watoto wanavyokanda ziwa la mama ili maziwa yashuke, na mbele yake, pale ambapo hapakuwa na mtu, godoro lilikuwa limebonyea kwa urefu wa mwanamke mzima, bega, nyonga, goti lililokunjwa kumkinga mtoto asianguke, na shuka pale kichwa kilipolalia lilikuwa limelowa maji, na kwenye pembe ya mdomo wa Mikaeel mchirizi wa maziwa meupe ulikuwa ukishuka taratibu kuelekea shingoni.

Akaruka, akamnyakua. Mtoto aling'oka na mlio mdogo, ule mlio wa chuchu ikitoka mdomoni ghafla, na tone moja la maziwa likaanguka kutoka hewani, likatua kwenye mkono wa Kulthumu. Lilikuwa na joto.

"Mwache amalize," sauti ilisema, bila hasira, karibu kabisa na sikio lake. "Utamkaba."

Yakoob alipofika kutoka kazini aliwakuta wote watatu nje, kwenye ngazi za jengo, Kulthumu amemfunga mtoto kifuani kwa khanga na kumshika Yumna mkono mpaka umekuwa mwekundu. Mkewe alimsimulia kwa kunong'ona. Alitegemea mumewe acheke, au amwambie amechoka na safari. Yakoob hakucheka. Uso wake uliparara, akaketi kwenye ngazi, akaanza kufuta mikono kwenye suruali ya kazi ingawa ilikuwa safi.

Kulthumu akamtazama. "Baba Yumna. Kuna kitu unakijua."

"Eish, Kulthumu."

"Sema."

"Siku ya kwanza ulipokuwa na homa," Yakoob akaanza, akiangalia chini, "mtoto alilia mpaka akaanza kukauka sauti. Sikuwa na uji. Sikuwa na kitu. Ukiwekewa kifuani, unamsukuma, hujijui. Nilikuwa natembea naye kwenye baraza, nalia na mimi. Akaja mwanamke kutoka upande wa ufukwe, amevaa kaniki, kichwa kimelowa. Akasema, nipe nimnyonyeshe, na mimi ninanyonyesha. Nikampa."

"Ukampa."

"Aliuliza jina la mtoto nikamtajia. Akauliza la mama yake, nikamtajia. Aliporudi kesho yake nikamkubalia tena. Tena na tena, kila ulipolala. Kisha nikamuuliza mwenye nyumba, yule mama anayenyonyesha anakaa wapi, nimpe zawadi. Akaniambia upande ule hakuna nyumba. Iko mikoko tu, na maji."

"Na ukaniacha nikamfukuza Lyse."

Kulthumu alimtazama mwanaume aliyezaa naye, akajiuliza ni mangapi mengine anayoyanyamazia.

Hawakurudi ndani. Walikwenda moja kwa moja Sydenham kwa Anti Khairoonisa, shangazi yake Yakoob, aliyesomesha wanawake Qur'ani na ambaye watu walimletea mambo yao ya aina hii bila kutangaza. Alikuwa mama mnene, mchangamfu. Aliwasikiliza huku akimkaguakagua Mikaeel, akamnusa utosini, uchangamfu ukamwisha.

"Turudini kwenu," alisema. "Kule ndiko huyo mgeni wenu alikozoea kuja."

Chumbani Anti alifukiza ubani, akasoma kwa sauti ya chini, ndefu, isiyo na haraka. Harufu ya mwani ikaanza kushindana na ubani. Pazia likanata dirishani kama lililolowa. Anti akaacha kusoma, akatoa salamu, akangoja. Hakuna aliyejibu, ila Yumna, aliyekuwa amekaa mapajani mwa baba yake, akasema, "Amekuitikia, Anti."

Kulthumu alitaka kumziba mtoto mdomo. Anti akamzuia kwa mkono. "Mwache. Yumna, mwanangu, mwambie hapa si kwake. Arudi kwao kwa amani."

Yumna akasikiliza, kichwa amekiinamisha. "Anasema yeye siyo mwizi. Anasema aliitwa. Baba alimpa Mikaeel kwa mikono yake."

Yakoob akafunika uso.

"Kweli alipewa," Anti akasema polepole. "Mwambie tunamshukuru. Kazi yake imekwisha, mama wa mtoto amepona."

"Anasema mtoto akiwa bado wa ziwa, hawezi kumwacha. Akisikia ananyonya, yake inatoka yenyewe."

Kulthumu akakumbuka Lyse kwenye ukumbi, blauzi imelowa, na aibu ikamchoma hata ndani ya hofu.

Anti akamgeukia. "Umesikia? Haji kwa ajili ya nyumba hii. Anafuata unyonyaji. Ukiendelea kumnyonyesha wewe, naye ataendelea. Inabidi mtoto aachishwe. Pande zote mbili, leo."

"Hajafika mwaka, Anti."

"Najua."

Kulthumu alitamani kukataa, apigane, kisomwe kisomo kikali zaidi kitakachomwunguza yule kiumbe. Akamtazama Mikaeel, amenona, macho maangavu, akaiwazia baraza ile asiyoikumbuka, mtoto aliyekauka sauti, na kwamba kama si mikono ile iliyolowa, pengine leo angekuwa hana wa kumgombania. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ahsante," aliiambia sehemu ya godoro iliyobonyea. "Ulimsitiri mwanangu. Sasa na mimi namwachisha. Mwachishe na wewe, dada yangu. Nenda kwa wako."

Godoro likainuka taratibu, kama mtu anayejinyanyua kwa kiwiko asimwamshe mtoto. Harufu ikapita katikati yao. Yumna akapunga mkono kuelekea dirishani.

"Ameenda?" Kulthumu akanong'ona.

"Ameenda," Anti alisema. Alipokuwa akifunga mlango alimvuta Kulthumu pembeni. "Yeye hatarudi, ameagwa kwa heshima. Lakini usidhani kila kitu kimefutika. Alisema na yeye ananyonyesha. Ana mtoto. Aliyenyonya ziwa moja na mwanao ni ndugu yake, na undugu huo sina kisomo cha kuuondoa."

Zilifuata siku ngumu, za vilio na chupa kutupwa, Kulthumu matiti ameyafunga kwa khanga mpaka yalipokauka. Alikwenda Isipingo kumwomba Lyse radhi. Lyse alimkaribisha, akampa chai, akamsamehe kwa maneno mazuri. Kurudi kazini alikataa. "Kwako, Mama Yumna, hapana," alisema, mtoto wake amemkumbatia. Yakoob naye alisamehewa, ingawa tangu siku ile mkewe alimuuliza kila jambo mara ya pili.

Mikaeel alijifunza kutembea majira ya joto yaliyofuata. Jumapili moja waliwapeleka watoto ufukweni mwa jiji, kwenye vidimbwi vya watoto vyenye maji ya kufika magotini. Yakoob alikwenda na Yumna kununua aiskrimu. Kulthumu alikaa ukingoni, jua mgongoni, akimwangalia mwanawe akitembea kwenye saruji kavu, akiyumba, akicheka peke yake.

Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooshwa pembeni, vidole vimekunjwa, kama ameshika mkono wa mtu mdogo kuliko yeye. Akasimama kumngoja. Akageuka akamsemesha kwa lugha yake ya kitoto, akangoja jibu, akaangua kicheko. Nyuma yake, kwenye saruji, nyayo zake ndogo za maji zilikuwa zikikauka, na sambamba nazo, zikikauka pamoja, nyayo nyingine ndogo zaidi.

Kulthumu aliinuka nusu. Mikono yake ilishanyooka kumnyakua. Akaitazama ile nafasi tupu kando ya mwanawe. Ilikuwa imesimama, ikimngoja aseme.

Akaketi tena, polepole.

"Msiende mbali," aliwaambia. "Chezeni hapa, niwaone."