Simu kwa Mama Morgan

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya chakula, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama marehemu anayesubiri gari. Jacinta Wakhungu hakutaka kuitazama.

"Mlango niko na kufuli tatu," alisema. "Na huyu mwizi nikamfungulia na mkono yangu."

Inspekta Soipan wa Upelelezi wa Jinai alikifunua kitambaa. Skrini ilikuwa nyeusi tii. Sajini Gakuru, ambaye mwaka huo alikuwa ameshughulikia matapeli wa simu hadi akawachoka, alitoa kalamu bila haraka.

Soipan alikuwa amefika Kitengela na kisirani chake mwenyewe. Asubuhi hiyo mwanawe alijikwaa mlangoni akalia, "Mama!" Soipan akafungua mikono. Mtoto akampita, akaenda kumkumbatia Wanjira, yaya. Soipan alichukua funguo za gari akatoka bila kuaga. Alikuwa ameona wivu, wivu mtupu, tena wa kumwonea msichana anayemlipa mshahara, na jambo kama hilo humwambii mtu.

"Alikwambia yeye ni nani?" aliuliza.

"Kevin, kutoka huduma ya kompyuta, Nairobi. Akasema kompyuta yangu inatuma virusi, itafungwa. Nikabonyeza hapa, nikaandika pale, nikamsomea nambari. Kishale kikaanza kutembea peke yake."

"Akataka nambari ya siri ya benki?"

"Hapana."

"Ya simu?"

"Hapana. Hata ukurasa wa benki ulikuwa wazi. Aliufunga."

Gakuru aliacha kuandika. "Tapeli asiyetaka pesa? Huyo ni fisi anayekataa mfupa."

"Alichukua nini, Mwalimu?" Soipan aliuliza.

"Nyimbo zangu zote. Mimi hufundisha muziki shule ya hapa, na hutungia wanafunzi. Nyimbo nitatunga zingine. Lakini kulikuwa na sauti ya mtoto wangu, kifungua mimba. Malaria ilimchukua kabla hajaanza shule. Hiyo ndiyo nataka, Inspekta. Hiyo tu."

"Hakuna nakala?"

"Kanda yenyewe iliingia maji tukihama. Ilikuwa imebaki hapo tu."

"Na hukumpa mtu mwingine?"

"Sikutaka kila mtu akuwe nayo," Jacinta alijibu, haraka kuliko alivyojibu maswali mengine yote.

Soipan aliliweka jibu hilo akilini.

"Kwa simu ulisikia kelele yoyote?"

"Ng'ombe. Na kuna mtu alimsalimia Kimasai, akaitikia."

Soipan alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Huduma ya kompyuta ya Nairobi, na ng'ombe wanalia dirishani. "Alikuwa akikuitaje?"

"Madam. 'Madam Jacinta, bonyeza hapa.' Lakini skrini ilipoingia giza nikaanza kulia. Akasema, 'Pole, Mama Morgan. Usilie.'"

"Morgan ni nani?"

"Ndiye huyo mtoto."

"Langoni jirani amekuita Mama Beverlyne."

"Beverlyne ni wa pili. Hapa wote wananijua na huyo. Tangu niwasikizishe ile sauti kanisani Pasaka, wanajua nilipoteza mtoto, lakini hakuna mtu huniita na jina lake."

"Hakuna hata mmoja?"

Jacinta alianza kukikunja kitambaa. "Immaculate peke yake. Tulikuwa naye Webuye tukiwa wasichana. Sasa anafundisha huko Kajiado. Lakini huyo usimguse, Inspekta. Huyo ni dada yangu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Gakuru alinong'ona. Soipan alimtupia jicho akatulia.

Laini iliyopiga simu ilisajiliwa kwa jina la mkulima wa vitunguu wa Kimana, mzee aliyepoteza kitambulisho sokoni na kuripoti kama raia mwema. Lakini simu yenyewe, kile kifaa cha mkononi, ilikuwa imewahi kubeba laini nyingine. Kampuni ya simu ilipoletewa kibali cha mahakama, ikatoa jina: Timothy, mwenye duka la kompyuta Kajiado, ukuta kwa ukuta na soko la mifugo.

Walimkuta akitengeneza printa. Ilikuwa siku ya soko, na ng'ombe walikuwa wakilia huko nje.

"Habari yako, Kevin," Soipan alisema.

"Kevin ni nani, madam?"

"Laini mbili, simu moja. Hiyo hapo mezani. Nikuonyeshe karatasi ya kampuni?"

Timothy alikaa chini polepole. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi vizuri.

"Ilikuwa tu kazi."

"Ya nani?"

"Tichá Immaculate. Mimi ndio hurepair kompyuta za shule yao. Alisema kuna mwalimu wa Kitengela amemwibia nyimbo. Nizitoe, nimwekee kwa flash, huko kwingine nifute kila kitu."

"Hii hila ulijifunzia wapi?"

"Kuna ofisi Nairobi nilifanya. Tulikuwa tunapigia wazungu simu, tunawaambia wako na virusi. Lakini niliacha, madam."

"Hukuacha. Ulibadilisha wateja tu. Mbona ulimwita Mama Morgan?"

Timothy aliangalia viatu vyake. "Alianza kulia. Huyo ni mtu rika ya mathe, mama yangu. Mathe akilia huwezi endelea kumwita na jina yake, hiyo ni kukosa adabu. Nikamwita vile nilisikia tichá akimwita."

Soipan, ambaye kwao yeye mwenyewe haitwi kwa jina lake bali Ngoto Lemayian, mama wa Lemayian, alimwelewa vizuri sana. Mama yake Timothy alikuwa amemfunza heshima, ila hakumaliza somo. Gakuru alimfunga pingu.

Immaculate alikuwa katika chumba cha muziki shuleni kwake, masomo yameisha, anafuta kinanda vumbi. Alipoona kitambulisho cha polisi hakushtuka. Aliketi, akaukumbatia mkoba wake.

"Mmekuja juu ya Jacinta."

"Flash iko wapi?"

"Iko."

"Nyimbo za Jacinta ni zako?"

"Hapana. Huyo kijana nilimdanganya. Nyimbo mrudishie, ni zake na ni nzuri. Sikuwa na haja nazo."

"Ulikuwa na haja na nini?"

Soipan alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Sauti ya mtoto nani alirekodi?"

"Mimi."

"Mlikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, Webuye. Jacinta alipoenda chuo aliniachia Morgan akiwa bado anatambaa. Nilimfunza kutembea. Nilimfunza kuongea. Nilimfunza kuimba kabla ajue kufunga viatu. Wewe ni mama?"

"Niko na mmoja."

"Basi unajua. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Jacinta alikuwa anakuja likizo na biskuti, anarudi."

"Ulimwomba nakala?"

"Kila mwaka, tangu achukue kanda. Anasema atatafuta." Immaculate aliufinya mkoba. "Halafu Pasaka akanialika kanisani kwao. Nikakaa kiti cha nyuma. Akaweka hiyo sauti kwa spika kubwa, akashika maikrofoni, akasema, 'Sikieni mtoto wangu akiniita mama.' Kanisa lote likalia. Watu wakapanga laini wamkumbatie. Mimi pia nikapanga."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Yeye ndiye alimzaa. Inspekta, Jacinta ako na majina mawili: Mama Morgan, Mama Beverlyne. Mimi sikujaliwa. Nikienda sokoni naitwa tichá. Kwa hii dunia mtu mmoja tu aliwahi kuniita mama, na hata huyo, Jacinta akasimama akasema ni yeye aliitwa. Wivu uliniingia nikashindwa kula. Nikataka aamke siku moja akose, ajue kukosa ni nini."

Alifungua mkoba akatoa flash iliyofungwa ndani ya leso. Aliishika kidogo kabla ya kuiachilia.

Jioni walikuwa wote katika kituo cha Kitengela. Immaculate alikuwa amesimama karibu na ukuta, konstebo kando yake. Jacinta aliketi mbele ya kompyuta ya Gakuru, mikono mapajani. Hakuwa amemtazama rafiki yake tangu aingie.

Gakuru akabonyeza. Kulikuwa na mkwaruzo, jogoo mahali fulani, kisha mtoto akaimba do, re, mi, akakosea, akacheka. Sauti ya mwanamke ikamrudisha taratibu kwenye noti aliyoikosea. "Tena, mama," mtoto akasema. "Mama, tena."

Pale ukutani, midomo ya Immaculate ilikuwa ikiifuata ile sauti ya mwanamke, neno kwa neno.

Soipan alisimamisha rekodi. Hakuwa na haja ya kuuliza, kesi ilikuwa imekamilika. Lakini aliuliza.

"Huyu mwanamke ni nani?"

Gakuru alianza kupangapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Ni yeye," Jacinta alisema.

"Ulijua siku ile kanisani?"

"Nilijua siku zote." Hatimaye aligeuka akamtazama Immaculate. "Nilikuja likizo moja na viatu vipya vya mtoto. Akajificha nyuma ya skati yako, Imma. Nimekuonea wivu kutoka siku hiyo. Hata tukimzika nilikuwa na wivu, kwa sababu nilikaa naye hospitali usiku ule wote, na alikufa akiita wewe."

Immaculate alifunika uso kwa leso.

"Naweza kuondoa kesi?" Jacinta aliuliza.

"Kuingia kwa kompyuta ya mtu na kufuta mali yake ni kesi ya Jamhuri," Soipan alisema. "Yeye na Timothy wataenda kortini Kajiado. Wewe utamwambia hakimu lile unalotaka kumwambia. Flash inabaki hapa kama kielelezo, lakini nakala utapata."

"Ziwe mbili," Jacinta alisema.

Soipan alitoka nje akampigia Wanjira simu, akaomba kuongea na mtoto. Alisikia vurugu, kisha kilio. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania shingo ya yaya na hataki kuachia. "Mama!" alilia, na mama huyo hakuwa Soipan.

"Pole, Ngoto Lemayian," Wanjira alisema kwa aibu. "Amesumbua tu. Nikate?"

"Usikate," Soipan alisema. "Mbebe tu. Wacha nisikie."