Nahla Mkalimani na Ukuta wa Waridi

Kila Fundi Liang alipofungua kinywa, Baba Ussi aligeuka na kuuliza, "Anasemaje?" Kumtafsiria ndiyo kazi aliyokuwa nayo bintiye Nahla tangu familia yao ihamie Guangzhou kutoka Zanzibar. Kichina cha Baba kilitosha kununulia taa za jumla tu. Nahla, msichana wa miaka kumi na miwili, alikisoma shuleni na hata ndoto aliziota kwa Kichina.

Siku hiyo walikuwa wanakitengeneza chumba chake. Bibi angekuja Jumapili kulala humo, na kifua chake hakikupatana na baridi wala unyevu. Baba alikuwa amenunua madirisha mapya ya vioo viwili, pamoja na mabamba ya povu gumu ya kubandika ukutani kuzuia baridi.

"Madirisha yatafika Ijumaa," Fundi Liang alisema kwa Kichina. "Tuyasubiri. Tuyatie kwanza, ndipo tubandike povu na kupaka rangi."

"Anasemaje?"

Nahla akawaza haraka. Jumamosi rafiki yake Achieng angekuja kumtembelea, na Nahla alikwisha kujitapa kwake kwamba chumba chake kina rangi ya waridi. "Anasema... tuanze na kuta na rangi. Madirisha baadaye."

"Haya, yeye ndiye fundi," akasema Baba.

Nahla akamgeukia fundi. "Baba anataka kuta kwanza." Fundi akatikisa kichwa, lakini laoban, yaani bosi, akishasema ndiyo basi.

Ijumaa madirisha yakafika, na fundi akaanza kung'oa yale ya zamani. Lahaula! Povu likakatika, plasta ikamomonyoka kuzunguka tundu zima. Baba, aliyekwisha kuvaa kwenda msikitini, akachungulia wakati huohuo. Plasta yenye rangi mbichi ikamwangukia, na kanzu yake nyeupe ikageuka ya waridi.

"Fundi gani huyu?" Baba akang'aka. Fundi naye akaja juu, akafoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Anasemaje?"

"Anasema... kanzu yako imekupendeza."

"Mtu husifia kanzu kwa kufoka hivi?"

Fundi akaanza kukusanya zana zake aende zake. Upepo wa baridi ulipenya kila upande, na Nahla akamfikiria Bibi akikohoa usiku kucha. Moyo ukamuuma. "Baba, fundi hana kosa. Ni mimi!" Akaeleza yote kwa Kiswahili, kisha akayarudia kwa Kichina.

Fundi alikuwa wa kwanza kucheka. Baba akaitazama kanzu yake, akashindwa kujizuia. Hata hivyo adhabu haikukosekana. Jumamosi Achieng alimkuta rafiki yake akizoa kifusi.

"Ndicho hiki chumba cha waridi?" Achieng akauliza, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akashika ufagio amsaidie.

Madirisha yakatiwa, na povu jipya likabanwa hadi kwenye fremu, pasibaki mwanya. Rangi ilingoja. Jumapili Bibi alilala fofofo katika chumba chenye mabaka ya plasta ya kijivu kuzunguka madirisha, wala hakukohoa.

Mama Kazija akamkalisha binti yake Nahla. "Mwanangu, mkalimani hubeba maneno ya wenzake, nao humwamini kwa sababu hawawezi kumkagua. Umewagombanisha watu wawili wasio na kosa."

"Nimekoma, Mama."

Siku fundi aliporudi kupaka rangi, Mama alimpa chai. Fundi akaonja, akakunja uso, akasema jambo.

"Anasemaje?" akauliza Mama.

Nahla akavuta pumzi. "Anasema sukari imezidi, na Baba ni mbishi kuliko wateja wake wote."

"Ehee!" Mama akacheka. "Sasa ndiyo umetafsiri."