Mvumo Siku ya Kunasa Nyimbo

Kila Jumamosi asubuhi Kanze alikuwa wa kwanza kufika katika ukumbi wa shule yao mjini Malindi. Alifagia, akafungua madirisha, kisha akalivuta sanduku la mbao lililokaa chini ya jukwaa. Ndani yake mlikuwa na nyaya za kwaya, na yeye, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyekabidhiwa kuzitunza. Alizikunja moja moja kwa uangalifu kama akunjaye leso za mama yake, na kazi hiyo ilimpa fahari.

Jumamosi moja ya mwaka 1986, fahari hiyo haikuwapo. Alilifungua sanduku, akautazama waya mweusi mrefu, akalifunga. Akalifungua tena.

Siku hiyo kwaya ilikuwa inanasa nyimbo zake kwa ajili ya mashindano. Kanda ilitakiwa kuondoka na basi la saa tisa kwenda Mombasa, na baada ya hapo hakuna kanda nyingine ambayo ingepokewa. Kaka yake, Garama, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi ya Marereni, alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja tu ili aje kuwapigia gitaa.

Saa nne, Fundi Njoroge aliingia amekumbatia kinasa sauti chake. Alikuwa mtu wa bara, lakini duka lake la kutengeneza redio lilikuwa limekaa karibu na soko miaka mingi, na watu walimwamini.

"Shikamoo, fundi," Kanze alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nyaya zako ni nzima?"

"Nzima," Kanze alijibu upesi, akageukia dirishani.

Garama akapiga gitaa. Amplifaya, kile chombo cha kukuzia sauti ya gitaa, ilitoa sauti tamu, na watoto wakapiga makofi. Lakini fundi alipounganisha amplifaya na kinasa sauti kwa ule waya mweusi, kukatoka mvumo mzito. Mmmmmm! Mvumo ulilimeza gitaa lote.

"Nyuki wamehamia kwenye kanda," Nduku alisema, na kwaya nzima ikacheka. Nduku alikuwa rafiki mkubwa wa Kanze. Kanze hakucheka. Nduku alipomwona uso wake, naye akanyamaza.

Fundi Njoroge hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliuchomoa waya mweusi: amplifaya ikatulia. Akasikiliza kinasa sauti peke yake: kimya. Akaviunganisha tena: mmmmmm.

"Kila kimoja peke yake ni kizima," alisema. "Vikikutana ndipo vinagombana. Pengine ni kwa sababu vinakula umeme katika soketi mbili mbalimbali." Akavihamishia vyote kwenye soketi moja. Mvumo haukupungua hata kidogo. Akazima taa za ukumbi. Hapakuwa na tofauti.

Mwalimu Kahonzi, kiongozi wa kwaya, alikuwa akienda mlangoni na kurudi. "Saa saba hii, fundi. Hawa watoto wameniimbia mwaka mzima."

"Waya wa kuunganishia ungekuwa na kasoro, ningeelewa," Njoroge alisema. "Lakini mwenyewe amesema ni mzima."

Kanze alifungua mdomo ili aseme. Nduku alimfinya mkono. "Usiseme," alinong'ona. "Tutafukuzwa kwaya wote wawili."

Ukweli ni kwamba siku ya Alhamisi wawili hao waliuchukua ule waya wakaufanya kamba ya kuruka. Waliruka mpaka Nduku akaukanyaga, na kichwa cha chuma cha waya huo kikang'oka. Ndani Kanze alikuta waya mwembamba katikati, na nyingine nyembamba zilizosokotwa kuuzunguka. Ule wa katikati aliurudisha. Zile za nje, kwa kudhani hazina kazi, alizikunja akazifunika kwa utepe wa gundi.

"Mimi nina dawa," Garama alisema ghafla. Alichomoa plagi ya amplifaya ukutani, akachukua bisibisi, akaanza kuifungua. "Kule kazini nimeona mtu akiukata huu waya wa ardhini, na mvumo ukakoma."

"Wacha hiyo!" Fundi Njoroge alimkemea. "Waya huo ndio unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Ukiukata, siku ikitokea hitilafu, umeme utapita mwilini mwako."

"Wimbo mmoja tu, fundi. Nikirushwa, nitaruka na wimbo."

Watoto wengine wakacheka. Kanze alimtazama kaka yake. Alikuwa peku juu ya saruji, shati limelowa jasho, na nyuzi za chuma za gitaa ndizo ambazo angezishika. Kisu alichokitoa mfukoni kilikuwa tayari kimegusa ule waya wa ardhini, wa kijani.

"Kaka, usikate!" Kanze alipiga kelele. "Ni mimi! Waya mweusi tuliuruka... niliuruka kamba ukakatika. Nilisema uongo."

Garama akakiweka kisu chini. Nduku akainama, kisha akasogea karibu naye. "Tuliuruka wote," alisema. "Aliyeukanyaga ni mimi."

Fundi Njoroge alibandua ule utepe, akatazama, akatikisa kichwa. "Hizi za nje ndizo ngao, watoto. Ndizo zinazozuia kelele za umeme zisiingie kwenye wimbo." Akachomeka chuma chake cha kulehemu. Kanze alishika waya, Nduku akashika kile kichwa cha chuma, na tone la risasi iliyoyeyuka likaziunganisha.

Garama alifunga plagi yake vilevile ilivyokuwa. Alipopiga gitaa, sindano ya kinasa sauti inayopima sauti ilicheza, na nyuma ya gitaa hapakusikika mvumo wowote. Kwaya iliimba mara moja tu, maana muda wa kurudia haukuwapo. Mwalimu Kahonzi aliitia kanda kwenye bahasha, akatoka mbio, na akalikuta basi linapakia magunia ya mwisho.

Aliporudi, Kanze alikuwa amesimama kando ya sanduku. "Mwalimu, nitakabidhi nyaya kwa nani?"

"Kwa nini uzikabidhi?" Mwalimu aliuliza. "Kuharibu kitu ni ajali, Kanze. Lakini ulipoficha, ulimfanya fundi hodari atafute kosa mahali lisipokuwa, na kaka yako akakaribia kuharibu kitu kinachomlinda. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo. Na leo umesema mbele ya watu wote. Sanduku ni lako."

Jumamosi iliyofuata, Kanze alikuta kitu kigeni juu ya zile nyaya. Ilikuwa kamba nene ya katani, ya kufungia magunia ya chumvi, nayo imefungwa karatasi yenye mwandiko wa Garama: "Rukeni hii."