Machicha ya Bi Alawiya

Kwaru, kwaru, kwaru. Hata adhana ya alfajiri bado, Bi Alawiya yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Kanze, jirani yake hapo Magogoni, alisikia akajua: leo tena kuna ndoo ya machicha.

Bi Alawiya huuza mbaazi za nazi. Tangu mume wa Kanze afariki, humletea jirani huyo machicha awape samaki wake. Kanze huyamwaga yote kidimbwini. Wema ataukataaje?

Kulipopambazuka alishuka kidimbwini, moyo ukamruka. Samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Watatu walikuwa wamekufa. Samaki hao ndio tegemeo la nyumba yake.

Akampigia simu Mwarandu, bwana samaki wa mtaa. Alikuja mbio.

"Mama Eddah, unawalisha nini?" alimuuliza Kanze.

"Machicha. Ndoo nzima kila siku."

"Samaki huyamaliza?"

Mwarandu akakoroga chini kwa ufito. Viputo vikapanda, vikanuka mayai mabovu.

"Yanayobaki huoza. Vijidudu vinavyoyaozesha hutumia hewa iliyo majini, samaki wakakosa. Na joto la miaka hii limezidi. Maji yenye joto hushika hewa kidogo, na uozo huenda haraka. Viputo hivi ni gesi. Ikipanda angani huongeza joto hilohilo."

"Kumbe nawaua kwa shibe!"

"Hawajafa wote. Shika ndoo!"

Wakapunguza maji ya chini, wakamimina ya kisima kutoka juu ili yachukue hewa. Adhuhuri samaki wakazama, wakaogelea.

"Siku tatu wasile," alisema Mwarandu. "Kisha wape kinachokwisha kwa robo saa tu. Tope lizoe, ulitie kwenye bustani ya mboga."

Wiki nzima hakufa samaki. Lakini ndoo ziliendelea kuja, na Kanze akizificha nyuma ya nyumba, roho juu. Bi Alawiya akijua, atanikasirikia? Mwisho akamwendea.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso kama umekula ndimu?"

Kanze akamweleza yote. Bi Alawiya akashika kifua.

"Wallahi, nami nilidhani nakufaa! Hayo machicha wape kuku, basi." Akainamisha macho. "Mimi niliona haya kuja kwako mikono mitupu. Ndoo ilikuwa kisingizio tu cha kuja kukujulia hali."

Kanze akamshika mkono.

"Njoo mikono mitupu, bi. Kesho njoo tena."