Macho ya Niyigena Kwenye Kona

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Niyigena alifagia mbele ya gereji ya shangazi yake, Mama Athanasie, na kuokota misumari na vipande vya waya vilivyoachwa chini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na kaka yake Trésor waliishi Kitshanga kwa shangazi huyo, kwa sababu wazazi wao walilima maharage na muhogo huko milimani, mbali na shule. Alikuwa msichana mwenye bidii, ila mawazo yake yalipenda kutangatanga. Trésor alizoea kumtania: "Niyigena, mwili iko hapa Kitshanga, kichwa iko mbali kule Walikale!" Waliokuwa gerejini walicheka, naye akacheka pamoja nao, ingawa utani huo ulimchoma moyoni.

Trésor alikuwa motari, yaani dereva wa pikipiki, ambayo kwao huitwa moto. Alibeba magunia ya maharage, na mara nyingi aliwashusha wajawazito kutoka vijiji vya juu hadi kituo cha afya. Watu walimwamini kwa mikono yake iliyotulia barabarani. Mwaka huu alijiandikisha katika mashindano ya pikipiki ya kiangazi, na kabla mashindano hayajaanza, yeye na shangazi walikuwa wakiijaribu pikipiki.

Shangazi alikuwa na sheria moja. Walibadilisha kitu kimoja tu, kisha wakajaribu kwenye njia ileile. Siku moja walipunguza upepo wa tairi, siku nyingine wakakaza mnyororo.

"Ukigeuza vitu viwili pamoja, utajua aje kitu kenye kilisaidia?" shangazi aliuliza.

Ubishi ulizuka walipofika kwenye springi za nyuma. Kama wafanyavyo motari wengi wanaobeba mizigo mizito katika milima ya Masisi, Trésor alikuwa amezifunga springi hizo kwa vipande vya mpira wa tairi, ili pikipiki isikae chini inapobebeshwa magunia.

"Toa ile mipira," shangazi alisema. "Siku ya mashindano hautabeba gunia. Moto ikiwa ngumu hivi na haina muzigo, gurudumu ya nyuma itaruka kwenye mashimo. Ikiruka kwenye kona, utaanguka."

"Hapana, Shangazi. Mi nimezoea moto ngumu. Ukiilegeza, naona kama niko juu ya godoro."

Wakakubaliana kujaribu mara mbili, bila mipira na pamoja na mipira. Lakini dereva hawezi kuliona gurudumu lake la nyuma. Shangazi naye alipaswa kusimama chini ya mlima kusikiliza injini. Kwa hiyo Niyigena aliwekwa kwenye kona, juu ya tuta la nyasi. Kazi yake ilikuwa moja, kulitazama gurudumu.

Mara ya kwanza, bila mipira, alitazama vizuri. Gurudumu lilishika ardhi kona nzima. Kisha Trésor akarudi juu kufunga mipira, na kungoja kukawa kurefu. Hapo akapita Uwamwezi, rafiki wa darasani wa Niyigena, akitoka shambani na kikapu cha majani ya maharage. Akakitua na kuanza kuigiza jinsi mwalimu wao alivyomkimbia mbuzi aliyeingia darasani. Niyigena alicheka hadi machozi yakamtoka. Alipoinua kichwa, pikipiki ilikwisha kupita, na kilichobaki ni vumbi.

Alishuka mlima taratibu. Chini alikuta watu wamekusanyika, na Trésor akitabasamu.

"Haikuruka, sivyo?" kaka yake aliuliza.

Niyigena aliwatazama wale watu. Alisikia tayari kicheko chao na ule utani wa Walikale. Tena aliona jibu ambalo kaka yake alilitaka.

"Haikuruka," akasema.

"Uliona vizuri, mutoto wangu?" shangazi akauliza.

"Niliona."

Basi mipira ikaachwa palepale.

Siku iliyofuata Trésor alijaribu kwa mwendo wa mashindano wenyewe. Kwenye kona ile gurudumu la nyuma liliruka, likatua kando, na pikipiki ikamtupa kwenye mawe. Niyigena na watu wengine walikuwa gerejini waliposikia kelele. Walimkuta Trésor amekaa chini, uso una rangi ya majivu, mkono ukining'inia. Kwenye kituo cha afya muuguzi alisema mfupa wa bega umevunjika, na kwamba Mungu amemhurumia, kwa kuwa kichwa kilikosa jiwe kwa nafasi ndogo sana.

Hakuna aliyemlaumu Niyigena, na hilo ndilo lililomtesa. Trésor alijilaumu mwenyewe.

"Gurudumu ilikuwa nzuri, tuliijaribu," alimwambia kila aliyekuja kumpa pole. "Yenye ilikosea njo mikono yangu. Nilishika breki vibaya."

Jumapili, baada ya misa, alikuja Mama Uwamariya kutoka kijiji cha juu. Alileta ndizi, akakaa, akasema binti yake atajifungua mwezi wa kumi.

"Wakati ule utakuwa umepona, Trésor. Njoo umuchukue weye. Na wengine naogopa."

Trésor alitazama chini. "Tafuta motari mwingine, Mama. Mi sitabeba muntu tena. Leo nimeanguka peke yangu. Kesho nitaangusha binti yako na mutoto wake."

Mama Uwamariya aliondoka akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Niyigena alikuwa mlangoni na sahani ya ugali mikononi. Aliona kwamba uongo wake ulikuwa umemvunja kaka yake mahali ambapo muuguzi hawezi kufunga bendeji. Aliweka sahani chini.

"Kaka, haiko mikono yako," akasema. "Siku ile sikuona. Nilikuwa nacheka na Uwamwezi. Mulipouliza, niliogopa mutanicheka. Nikasema haikuruka."

Trésor aligeuza uso ukutani.

"Toka," akasema.

Alikaa siku nyingi bila kumsemesha. Ilimuuma Niyigena sana, lakini hakulalamika. Shangazi hakumpiga wala hakumfokea.

Trésor alipoweza kutembea, mkono ukiwa umefungwa shingoni, shangazi aliwapeleka wote kwenye kona. Pikipiki ilikuwa imetengenezwa, na mipira ingali imefungwa. Albert, rafiki wa Trésor, alikubali kuiendesha polepole, chini kabisa ya mwendo wa mashindano.

"Trésor atasikiliza injini na mimi kule chini," shangazi alisema. "Niyigena anabaki hapa."

"Yeye tena?" Trésor aliuliza.

"Yeye tena."

Albert aliteremka. Lakini alipoikaribia kona, lori lililojaa magunia likapanda kutoka upande wa pili, na vumbi lake likaifunika barabara yote. Niyigena alitoa macho, asione kitu. Alishuka hadi walipokuwa wakimngoja.

"Umeona nini?" shangazi akauliza.

"Sikuona. Vumbi ya lori ilifunika. Arudie."

Albert alipiga mluzi kwa kuudhika. "Petroli yote hii! Hata kidogo haukuona?"

"Hata kidogo," Niyigena alijibu, machozi yakimlenga. "Unisamehe, kaka Albert, urudie."

Albert akarudia. Safari hii Niyigena alikuja mbio. Gurudumu lilikuwa limeruka mara tatu kona ileile, hata kwa mwendo mdogo. Wakakata mipira, Albert akateremka tena, na gurudumu likashika ardhi. Trésor alipanda mwenyewe hadi kwenye kona, akazitazama alama za tairi mavumbini. Shangazi na Niyigena wakamfuata.

"Na mi nilikosea," Trésor akasema. "Nilimuuliza mutoto kama muntu mwenye amekwisha kujijibu."

"Mulikosea wote wawili," shangazi alisema. Kisha akamgeukia Niyigena. "Sikiliza, mama. Ukisema haukuona, tunapoteza petroli kidogo, na pengine watu wanakucheka. Kicheko inapita. Lakini ukisema umeona na haukuona, sisi wote tunapanda juu ya uongo yako, na hatujui. Muntu mwenye kusema 'sikuona' bila haya, njo ule naweza kuamini siku atasema 'niliona'."

Niyigena aliitikia kwa kichwa.

Trésor alikaa kwenye tuta la nyasi. Mashindano ya mwaka huo yalikuwa yamempita, na alijua. Lakini uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Niyigena," aliita, "panda kwa Mama Uwamariya. Umwambie mwezi wa kumi nitakuja kuchukua binti yake."

"Ndiyo, kaka."

"Na akiuliza kwa nini nilikataa, umwambie yote. Weye mwenyewe."

Njia ya kwenda kwa Mama Uwamariya ilikuwa ndefu na yenye kupanda, na mwishoni mwake palikuwa na mama wa kuangalia machoni. Niyigena akafunga vizuri kamba za viatu, akaanza kupanda.