Matawi ya Kwenye Kona

Kila Jumamosi Ketrina alifagia uwanja, akawasha moto wa chai ya Bibi, kisha akaenda kuwatafutia mbuzi majani. Kazi hiyo alipewa Januari, alipowaacha wazazi wake Msangano na kuja kusoma darasa la sita huku Mbozi, kwenye kijiji kilicho kando ya barabara kuu, ukishaipita Mlowo. Nyumba ilikuwa ya shangazi yake, Fortunata, aliyeishi na Bibi, na Shangazi Fortunata hakuwa mtu wa mchezo. Aliendesha lori!

Tena si kilori cha kubebea matofali. Lilikuwa lori refu lenye tela, la kupeleka mahindi mpaka Tunduma mpakani. Likipita kijijini, wavulana waliuacha mpira wakabaki kulitazama. Ketrina alimpenda shangazi yake mpaka akawa anaongea kama yeye, na maneno yote ya barabara alijifunza kwake. Shuleni waliandika "barabara kuu", na hata Shangazi alisema hivyo akiongea na askari wa usalama barabarani. Nyumbani alisema "lami" tu, na kila mtu alijua ni lami ipi: ile iendayo Zambia. Akisema "nimeacha lami", basi ameingia njia ya vumbi kufuata mahindi Momba, na siku hiyo harudi. Akisema "kuna mchepuko", barabara inatengenezwa na magari yanapitishwa pembeni, kwa hiyo Bibi ale tu, asimsubiri. Lakini neno tamu kuliko yote lilikuwa "nimeshika lami". Hapo alikuwa anarudi nyumbani.

Asubuhi hiyo simu ya Bibi iliita wakati wanakunywa chai.

"Shikamoo mama. Nimeshika lami hapa Mlowo. Nafunga mzigo vizuri, halafu naja. Mniwekee chai."

"Marahaba, mwanangu. Njoo salama," Bibi akajibu.

Ketrina akanyakua kamba yake na kutoka mbio, ili Shangazi amkute kazi imekwisha. Alipofika kwenye mteremko, kabla ya kona, akaona ajabu. Matawi mabichi, yenye majani tele, yalikuwa yamelala juu ya lami, moja mbele ya jingine. Kwao Msangano, tawi lililoanguka njiani ni la mwenye mbuzi wa kwanza kulifikia. Akatazama huku na huku, hakuna gari. Akayakusanya upesi, akayafunga, akayapeleka nyumbani. Mbuzi waliyashambulia kama waliofungiwa wiki nzima.

Kwa kuwa siku ilikuwa ya bahati, akarudi kuona kama kuna mengine. Safari hii aliizunguka kona. Hapo akakuta lori bovu limesimama, nusu nzima ya tela ikiwa bado barabarani. Dereva wake, mzee mmoja mwenye ovaroli, alikuwa amelala chini akifungua tairi. Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama kando yake.

"Mzee Abrahamu, huogopi kulala hapa nyuma ya kona?" kijana akauliza.

"Niogope nini? Nimeshapanga matawi kule juu. Dereva akiyaona anajua mbele kuna gari limekufa, anapunguza mwendo. Asipoyaona ndiyo balaa, atanivaa mzimamzima."

Kijana akacheka, akawasha pikipiki yake, akaenda zake. Ketrina akabaki amesimama kwenye majani ya kando ya barabara. Hakuna aliyemwona akiyachukua. Angeweza kugeuka na kurudi nyumbani kimyakimya, na mbuzi wasingemsema. Kisha akamkumbuka Shangazi, akiteremka na mahindi tele, akiwaza chai yake.

"Shikamoo mzee!" akapiga kelele. "Matawi hayapo! Nimeyachukua mimi, nimewapa mbuzi!"

Mzee Abrahamu alitoka chini ya tela kwa haraka mpaka akajigonga kichwa. "Umefanya nini wewe?"

"Nilidhani yameanguka tu. Na shangazi yangu anakuja na lori, yuko njiani!"

Hapakuwa na muda wa kumgombeza. Mzee alichomoa panga kwenye kabini ya lori lake. "Kaa hukohuko kwenye majani, usikanyage lami!" akasema, akakimbia kupanda mteremko. Ketrina akamfuata kwa pembeni. Mzee alikata matawi kichakani, akayatupa barabarani moja baada ya jingine. Alikuwa bado anahema pale lori lilipotokea juu. Ketrina alilijua hata kabla halijakaribia. Breki zikalia, mwendo ukapungua, ukapungua tena, na lori likaipita kona taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini. Likasimama pembeni, mbele ya lile bovu.

Shangazi Fortunata akashuka. Kabla mzee hajasema neno, Ketrina alikuwa ameshaeleza yote, huku analia.

Shangazi aliitazama kona, akalitazama tela. Kisha akakunja mikono ya shati lake akamsaidia mzee kufunga tairi. Lori lilipokuwa tayari, madereva wawili hao waliyaondoa matawi yote barabarani.

"Mbona mnayatoa?" Ketrina akauliza kwa sauti ndogo.

"Gari likishaondoka, tawi likibaki linadanganya," Shangazi akajibu. "Leo mtu atapunguza mwendo bure, kesho hatalijali, na kesho hiyo kuna mtu kweli nyuma ya kona. Nimekufundisha maneno mengi ya lami, Ketrina, hili nikalisahau. Hilo ni kosa langu."

"Usimpige," mzee Abrahamu akasema. "Amenijia mwenyewe. Hakuna aliyemwona."

"Nimpige?" Shangazi alipiga magoti palepale kwenye vumbi, akaishika mikono ya mtoto. "Sikia, mwanangu. Usichukue kitu ambacho hujui kimewekwa kwa ajili gani, uliza kwanza. Lakini ukishakosea, fanya kama ulivyofanya leo: sema, tena sema mapema. Kosa lako lilikuwa la kutojua. Ungejua, halafu ukanyamaza, hilo ndilo lingeniua."

Ketrina akamkumbatia shingoni kwa nguvu, na Shangazi akambeba mpaka kwenye lori, ingawa alishakuwa mkubwa wa kubebwa.